Paka akishiba hakamati panya? Hapana jamani

Hii ya kusema paka usimpe chakula eti akishiba atakuwa mvivu haendi kuwinda, nimeisikia tangu utotoni na bado watu wanaiamini kabisa. Ukweli ni kwamba njaa na kuwinda kwa paka ni vitu viwili tofauti. Miaka ya 1970 watafiti walijaribu, paka yuko kwenye bakuli anakula chakula akitamanicho, wakamuonyesha panya, akaacha msosi akaenda kuua, halafu akarudi na windo lake palepale kwenye bakuli akaendelea na chakula chake.

Unayemshindisha njaa ndo huyo anazurura, mara jalalani mara jikoni kwa jirani anadokoa samaki, na huko anaokota panya aliyekula sumu, na sumu inampata na yeye. Wa kwangu anakula dagaa jioni na usiku hatoki, panya ananiwekea mlangoni mzimamzima hata hajamng'ata (zawadi gani hii sasa).

Ila ugali mtupu hautoshi, paka bila taurini, kirutubisho cha kwenye nyama na samaki, macho na moyo vinaharibika.