Alianzia gerezani: wakili wa washtakiwa wa Tabora

Hapa Tanzania Bara hatuna ofisi yenye mawakili walioajiriwa kuwatetea washtakiwa wasio na uwezo. Tulicho nacho ni utaratibu wa mahakama kumteua wakili wa kujitegemea, kesi kwa kesi, na kumlipa posho kesi ikiisha. Utaratibu huo ulitungiwa sheria yake mwaka 1969, na leo umo ndani ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mawakili wengi huzipokea kesi hizi kama zamu. Mzee tuliyemzika hapa Tabora alizifanya ndizo kazi yake, na kesi za wateja wenye fedha zikawa kitu cha kumwezesha kulipa pango la ofisi. Jina lake siliandiki. Familia imeomba hivyo, naye mwenyewe hakupenda kutajwatajwa.

Nilikuwa wakili mchanga nilipoanza kubeba majalada yake. Ninayoandika hapa nayaandikia zaidi mawakili wadogo zangu wa Tabora na Kigoma, lakini hata msomaji asiye mwanasheria atanielewa, kwa sababu aliyoyafanya mzee huyu hayakuwa siri ya taaluma.

Kwanza uelewe kesi ya mauaji inavyokwenda. Mtu akishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia hapati dhamana. Hufikishwa mbele ya hakimu, lakini hakimu hana mamlaka ya kuisikiliza kesi yake, wala haulizwi kama anakiri au anakana. Anarudi mahabusu kusubiri upelelezi ukamilike, kisha jalada liende Mahakama Kuu, kisha kikao kipangwe. Hapo miaka inaweza kupita. Kikao kikikaribia ndipo wakili anapoteuliwa na kupewa jalada: hati ya mashtaka, maelezo ya mashahidi, ramani ya eneo la tukio, taarifa ya daktari aliyeuchunguza mwili, na mara nyingi maelezo ya onyo ambamo mshtakiwa anadaiwa kukiri kila kitu. Ni rahisi sana wakili kukutana na mteja wake kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi, karandinga likiisha kushusha watu, wakazungumza robo saa kwenye nondo za mahabusu ya mahakama, kisha wakaingia ndani kupigania uhai wa mtu.

Yeye hakukubali kufanya hivyo. Jalada likifika mezani, kituo chake cha kwanza kilikuwa gereza la Uyui. Alifika na kalamu, daftari la shule na miwani iliyofungwa uzi. Hakuanza na tukio. Aliuliza kwanza kama ndugu wanajua mtu huyu yuko wapi, nani analima shamba lake, watoto wako kwa nani. Wanyamwezi aliwasalimia kwa mwangaluka. Waislamu, ambao ni wengi Tabora na zaidi Ujiji, aliwapa salamu yao, na mwezi wa Ramadhani alijitahidi kufika asubuhi kabla funga haijawachosha. Nilidhani ni upole tu wa tabia. Baadaye niliona kwamba majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyojenga utetezi. Mtu akieleza nani analima shamba lake, atakueleza pia ugomvi wa mpaka ulivyoanza, nani alikuwepo siku ile, na jirani gani hakuandikwa kabisa katika orodha ya mashahidi.

Kisha ndipo alipolifungua jalada, na hapo alikuwa mkali. Aliyasoma maelezo ya onyo kwa kutafuta saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtu tangu anapowekwa chini ya ulinzi kwa kosa hilo, na wakitaka zaidi wana utaratibu wa kuomba nyongeza. Saa za safari ya kumpeleka kituoni hazihesabiwi. Kwa hiyo aliuliza: ulikamatwa wapi, jua likiwa wapi, mlipanda gari gani, mlilala wapi, uliandikishwa lini? Mtu aliyekamatwa kijijini Sikonge alfajiri ya Jumatatu na maelezo yake yakasomeka yaliandikwa Jumatano ana jambo la kuiambia mahakama. Kukiri kwake kunaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu kabisa, na mara nyingine huko ndiko kulikuwa ushahidi wote wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka.

La pili lilikuwa mwanga. Mauaji mengi ya vijijini hutokea usiku, na shahidi husema alimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa taa. Tangu shauri la Waziri Amani, lililoripotiwa mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na hautegemewi mpaka uwezekano wote wa kumfananisha uwe umeondolewa. Shahidi alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga upi, na je, alimjua kabla? Mzee wetu aliyageuza hayo kuwa maswali ya nyumbani. Koroboi ilikuwa juu ya nini? Mlango ulifungukia upande gani? Kati ya kitanda na mlango ni hatua ngapi? Na kama mwanga ulikuwa wa tochi, tochi hiyo ilishikwa na nani? Maana tochi iliyo mkononi mwa mvamizi humwonyesha yeye aliyevamiwa, na kumwacha mshikaji gizani. Nimeshuhudia kesi ikilegea kwa swali hilo moja, likiulizwa kwa sauti ya chini, bila kumdhalilisha mama wa watu aliyefiwa na mume.

La tatu, ambalo naona ndilo vijana wengi hulipita haraka, ni dhamira. Kuua bila kukusudia na kuua kwa kukusudia ni makosa mawili. Kwa la pili jaji akishatia hatiani hana hiari, adhabu ni kunyongwa. Kwa kuua bila kukusudia kifungo chaweza kufika maisha, lakini chaweza pia kuwa miaka michache, kadiri jaji atakavyopima. Mahakama ya Rufani ilieleza katika shauri la Enock Kipela, rufaa namba 150 ya mwaka 1994, mambo yanayoonyesha dhamira: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Fikiria ugomvi wa kilabuni, watu wamekunywa wanzuki tangu mchana, mmoja anachukua kuni iliyokuwa jikoni na kumpiga mwenzake mara moja begani, yule anaanguka na kichwa kinagonga jiwe. Kisha aliyepiga anakimbia kutafuta baiskeli ya kumpeleka majeruhi zahanati. Ile baiskeli ni ushahidi. Lakini kwenye jalada haimo, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Utaipata gerezani, kwa mtu ambaye hajui kama ina maana yoyote.

Ndiyo maana alisisitiza daktari aitwe. Taarifa ya uchunguzi wa maiti ikipokelewa bila aliyeiandika kuulizwa, mstari mmoja wa sababu ya kifo unabaki peke yake. Mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aje, na haki hiyo huachwa mara nyingi kwa kuogopa kuchelewesha kikao.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu waliposimama msibani walimsifu kwa sala zake, na mimi nilitaka mtu aseme pia jinsi alivyosoma. Kwake yeye mambo hayo hayakuwa mawili. Alikuwa mzee wa kanisa la Moravian, kanisa lenye mizizi mirefu katika nchi hii ya Unyamwezi. Wamisionari wake waliipokea misheni ya Urambo kutoka kwa wamisionari wa Shirika la Misheni la London mwaka 1898. Kila asubuhi alisoma neno la siku, desturi ambayo Wamoravian wameichapa kitabu kila mwaka tangu 1731, kisha akafungua jalada. Aliniambia kwamba kumwombea mtu ambaye hujasoma maelezo ya mashahidi wake ni kumwachia Mungu kazi uliyolipiwa wewe.

Hata hivyo hakuwahubiria wateja wake. Nilimwuliza, nami nikiwa Mkristo, kwa nini asitumie nafasi ile. Alisema mtu aliyefungiwa hawezi kuinuka na kuondoka asipotaka kusikiliza, na uhai wake uko mikononi mwa huyo anayemhubiria. Mteja akimwomba amsomee, alimsomea. Asipoomba, walizungumza kesi. Naamini heshima hiyo ilikuwa sehemu ya imani yake, pengine sehemu yake ngumu zaidi.

Kanisani kwake walimwuliza mara kwa mara Mkristo anawezaje kumtetea muuaji. Alipenda kuwarudisha kwa Nikodemo katika Injili ya Yohana, sura ya saba, aliyewauliza wakuu wenzake kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza na kujua alilotenda. Nikodemo hakusema kwamba mtuhumiwa hana hatia. Alidai asikilizwe. Wakili naye haendi mahakamani kuapa kwamba mteja wake ni mwema. Anaenda kuhakikisha kwamba Jamhuri, iliyomshtaki, inathibitisha bila kuacha shaka la maana. Mteja alipomwambia faraghani kwamba kweli aliua, mzee hakumpandisha kizimbani aseme uongo. Hilo maadili ya uwakili hayaruhusu na dhamiri yake isingeruhusu. Lakini aliendelea kuupima ushahidi wa upande wa pili, na kupigania kosa liitwe kwa jina lake sahihi.

Kesi zilizomuumiza ni za bibi vikongwe waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Sisi wa kanda hii tunazijua. Sheria hapa ni nyembamba: tangu uamuzi wa mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Fabiano Kinene mwaka 1941, imani ya uchawi peke yake haimwondolei mtu kosa. Inaweza kuhesabiwa kuwa hasira ya kuchokozwa pale tu ambapo marehemu alikuwa akifanya tendo mbele ya macho ya mshtakiwa, na mshtakiwa akaamini kweli kuwa ndiyo uchawi unafanyika. Mtu aliyetoka kwa mganga, akasubiri giza, akaenda na panga, hana mlango huo. Mzee aliwatetea hata hao, kwa yale machache yaliyowezekana, na kesi ikiisha alikwenda kuwapa pole watoto wa marehemu. Baadhi yao walikataa mkono wake. Hakuwalaumu, na sidhani kama alistahili kupokelewa zaidi ya hapo. Lakini alikwenda.

Kabla Kigoma haijapata Mahakama Kuu yake, majaji wa Tabora walikwenda huko kwa vikao, naye aliwafuata kwa treni, Kaliua, Nguruka, Uvinza, akisoma njia nzima. Kule kazi ilikuwa na ugumu wake. Kulikuwa na mashahidi wa Kasulu na Kibondo waliosema Kiha tupu, wakimbizi wa Kirundi wasio na ndugu wa kuwatafuta, na mkalimani mmoja wa kuwatosha wote. Alimsikiliza mkalimani kwa makini kuliko alivyomsikiliza shahidi.

Akishindwa, hakuondoka na gauni lake. Uteuzi wa kesi kwa kawaida huishia kwenye hukumu, lakini taarifa ya kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 30, na mtu aliyetoka kusikia neno kunyongwa hahesabu siku. Basi aliiandika siku ileile, akamshukia mteja chini kabla karandinga halijaondoka, akamweleza kwamba jambo halijaisha. Ni kweli kwamba nchi hii haijanyonga mtu tangu miaka ya 1990, na kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua mwaka 2019, katika shauri la Ally Rajabu, kwamba adhabu ya kifo isiyomwachia jaji hiari inakiuka Mkataba wa Afrika. Lakini anayelala chini ya hukumu hiyo hajui lolote kati ya hayo mpaka mtu amwambie.

Lililomkera hadi mwisho ni mahakama za chini. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, na husikilizwa huko, ambako wengi husimama peke yao kumhoji mpelelezi. Mahakama hiyohiyo ya Arusha iliona mwaka 2015, katika shauri la Alex Thomas, kwamba kumwacha mtu wa namna hiyo bila msaada wa wakili ni kumnyima haki. Sheria ya 2017 inampa hata hakimu nafasi ya kuelekeza mshtakiwa apatiwe msaada. Mzee aliwakumbusha mahakimu hivyo kwa barua, na pale palipokosekana mtu alijitolea mwenyewe.

Majalada aliyoyaacha yamegawiwa. Moja limeniangukia mimi, la ugomvi wa shambani upande wa Uyui. Nimeshaonana na mteja mara mbili, na nimeiandikia mahakama kuomba daktari aitwe. Mengine wamepewa mawakili watatu wa hapa mjini. Kwao nina madaftari yake ya mahojiano na wateja hao, wanitafute kabla kikao hakijaanza.