Bangi ya Utafiti Marekani na Ile Inayouzwa Madukani

Tangu majimbo mengi ya Marekani yaruhusu bangi kuuzwa madukani, ofisi yetu ya vibali vya utafiti imekuwa ikipokea maswali, na safari nyingine vifurushi, kutoka kwa wananchi wanaotaka tuwapimie walichonunua. Hivi karibuni mzee mmoja alitukabidhi kwa nia njema bahasha yenye maua makavu matatu, nasi tukalazimika kumrudishia palepale mlangoni.

Ikumbukwe kwamba kuanzia mwaka 1968 hadi 2021, watafiti waliosajiliwa na serikali ya shirikisho walipata bangi kutoka shamba moja tu, la Chuo Kikuu cha Mississippi. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Northern Colorado walipolinganisha vinasaba, walikuta kwamba bangi hiyo ya utafiti inakaribiana zaidi na bangi ya nyuzi, ambayo kisheria tangu 2018 haitakiwi kuzidi asilimia 0.3 ya THC, yaani kemikali ya bangi inayolevya, kuliko ile ya madukani. Kwa hiyo mgonjwa anayesoma kwamba bangi imesaidia au imedhuru hana budi kuuliza kwanza ni mmea upi uliotumika.

Wala jina lililobandikwa kwenye kopo lisimdanganye mtu. Wanasayansi wa chuo hichohicho walipima sampuli 122 za aina 30, wakakuta mimea yenye jina moja ikitofautiana vinasaba, na mgawanyo wa "sativa" na "indica", makundi mawili ambayo wauzaji hugawia bangi, haukuonekana humo. Tumelieleza jambo hili mara nyingi mno.

Kuhusu utaratibu, mtafiti husajiliwa na DEA, idara ya shirikisho ya kudhibiti dawa za kulevya, hufungia mzigo kwenye kabati lenye kufuli, na huandika daftarini kila gramu inayotoka na kila inayoteketezwa. Ruhusa ya jimbo haimkingi mtu mbele ya sheria ya shirikisho: anayepatikana na hatia ya kumiliki bangi kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi mwaka 1, kutozwa faini isiyopungua dola 1,000, au vyote viwili, mara ya pili ni kifungo cha siku 15 hadi miaka 2 na faini isiyopungua dola 2,500, mara ya tatu, siku 90 hadi miaka 3 na dola 5,000 au zaidi.

Vinasaba vyenyewe, vikishatenganishwa na jani na kusafishwa, havina THC. Ndiyo sababu maabara inaweza kupokea kichupa cha vinasaba na kukataa ua zima, na kichupa hicho hakitengenezwi jikoni.