P0340 haisemi sensa imekufa

"Mashine imesoma sensa ya kemshafti, kalete nyingine." Kauli hii husemwa gereji nyingi baada ya mashine ya kusoma hitilafu za gari kutoa msimbo P0340, bila hata boneti kufunguliwa, na mwenye gari anaenda dukani. Mashine haikusema hivyo.

Kemshafti ndiyo shafti inayofungua valvu. Huzunguka mara moja kila krenkshafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili, na sensa yake huijulisha kompyuta ya gari silinda ipi ipo zamu. Taarifa hiyo ikikosekana, magari mengi huchukua muda kuwaka, mengine hayawaki kabisa. Basi, sensa ni hiyo.

Shida ni jinsi msimbo huo unavyosomwa. P ni upande wa injini na gia. Sifuri inayofuata huonyesha kwamba msimbo ni wa magari yote, si wa kampuni moja. Ndiyo lugha ya OBD-II, mfumo wa gari kujipima na kutoa misimbo ya hitilafu, uliofanywa lazima Marekani kuanzia magari ya modeli ya 1996. Na P0340 katika lugha hiyo ni hitilafu kwenye saketi ya sensa ya kemshafti. Saketi ina sensa, ndiyo, lakini ina soketi, nyaya, ethi (waya wa hasi), hadi kompyuta yenyewe. Chomoa soketi uitazame: mara nyingi utakuta oili imejaa ndani, au pini imeota kutu ya kijani. Fuata waya mpaka unapopita karibu na egzosti, ganda lake huwa limekauka na kupasuka. Kama sensa ni ya nyaya tatu, washa swichi upime kwa testa: waya mmoja uwe na umeme, volti 5 au 12 kutegemea gari, mwingine uwe ethi. Umeme usipofika, hata sensa mpya ya dukani itanyamaza vilevile. (Za nyaya mbili hazihitaji kupelekewa umeme, zinazalisha zenyewe, usizipime kwa njia hii.)

P0341 ni jambo jingine: ishara inafika, ila haieleweki. Na P0016, ambayo nayo huishia kununuliwa sensa, ina maana kemshafti na krenkshafti hazipatani. Hapo uangalie cheni ya taimingi, inayounganisha shafti hizo mbili, kama imelegea au imeruka jino, au valvu ya oili ya VVT (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) iliyoziba kwa oili chafu. Kubadilisha sensa kwa P0016 kabla ya kuangalia hayo ni kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga filimbi. Tena cheni ikiruka zaidi, kwenye injini nyingi pistoni hugonga valvu, na bei ya sensa utaikumbuka kwa hamu.

Kwa hiyo fundi wangu, sikatai kwamba sensa hufa. Hufa sana. Ila mwambie mteja, "kompyuta haipati ishara ya kemshafti, nipe nafasi nipime nyaya," halafu sensa ije baadaye, ikibidi.