Kihariri cha mstari wa amri: dhana potofu na ukweli wake

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba, kati ya vihariri vya maandishi vinavyotumika ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri), Vim ni ya mabingwa na nano ni ya wanagenzi. Ukweli ni kwamba nano, ambayo huorodhesha amri zake chini ya skrini, hupaka rangi msimbo, hutafuta na kubadilisha maneno, na hutendua makosa. Anayerekebisha mistari miwili ya faili la mipangilio hapungukiwi na chochote.

Wengine huamini kuwa vitufe h, j, k na l vya kusogeza kishale katika Vim viliteuliwa bila mantiki. Mtayarishaji programu Bill Joy alipoiandika vi, kihariri kilichozaa Vim, mwaka 1976 akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitumia terminali ya ADM-3A, kifaa chenye skrini na kibodi ambacho mishale yake ilichorwa juu ya herufi hizohizo, na modemu yake, iliyoiunganisha na kompyuta, ilikwenda polepole mno, kiasi kwamba amri ya herufi moja ilikuwa nafuu ya kweli. Vim ya leo hupokea vitufe vya mishale pia, kwa hiyo hiyo si sababu ya kuikwepa.

Husemwa pia kwamba vi haikosekani kwenye mashine yoyote. Kwenye seva nyingi ipo, ila kontena nyingi ndogo (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) hazina kihariri hata kimoja, na katika Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, amri ya vi kwa kawaida hufungua vim-tiny, toleo lililopunguzwa. Hata hivyo, anayesimamia seva za watu wengine ajue, kwa maoni yangu, angalau haya: i huanza kuandika, Esc hurudi kwenye hali ya amri, :wq huhifadhi na kutoka, na :q! hutoka bila kuhifadhi.

Emacs, kihariri kingine, nayo hudhaniwa kuhitaji dirisha la michoro, ilhali emacs -nw huifungua ndani ya terminali.

Hatimaye, wapo wanaovumilia kihariri wasichokipenda kwa kuwa ndicho kinachofunguka wanapoandika git commit (kuhifadhi mabadiliko ya msimbo) au crontab -e (kupanga kazi za kujiendesha kwa ratiba). Programu hizo husoma VISUAL na EDITOR, vigeu vya mazingira vinavyotaja kihariri cha kutumia, hivyo kuongeza export EDITOR=nano katika .bashrc, faili la mipangilio ya Bash, kwa kawaida hutosha, mradi VISUAL haijawekewa kihariri kingine. Kwa mafaili ya mfumo, sudoedit, amri ya kuhariri mafaili yanayohitaji ruhusa za msimamizi, hufuata chaguo hilohilo: hufungua nakala ya muda kwa ruhusa zako za kawaida, kisha huirudisha mahali pake ukishahifadhi na kutoka.