Chura mchimbaji: acha ukingo wa dimbwi mpaka maji yapande

Masika yakikaribia, simu za kuuliza habari za vyura "waliodondoka na mvua" huongezeka. Hawadondoki. Walikuwa chini ya nyayo zako kiangazi chote.

Anayeulizwa zaidi ni Hemisus marmoratus, mkazi wa savana kuanzia Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini, pwani yetu ya Tanzania ikiwemo. Ni mnene, wa kahawia mwenye mabaka, macho madogo, mkunjo wa ngozi nyuma ya kichwa, pua ngumu iliyochongoka. Jike hufikia milimita 50 hivi; dume ni mdogo zaidi. Vyura wengi wachimbao hurudi kinyumenyume kwa miguu ya nyuma. Huyu hutanguliza kichwa: huchomeka pua udongoni, akiitikisa kushoto na kulia, mikono ikikwangua. Chakula chake ni mchwa na chungu, kwa hiyo shambani kwako hana hasara.

Kinachotusumbua ni ukingo wa tope. Jike huchimba chumba kando ya dimbwi la msimu, dume akiwa amemng'ang'ania mgongoni. Hutaga humo mayai yanayoweza kufika 150 au zaidi, kisha hubaki nayo. Maji yakipanda, chumba hufurika na viluwiluwi hutoka. Yasipofika, mama huwachimbia njia hadi majini. Sasa mfyatua matofali anakuja na koleo wiki hiyohiyo, kwa kuwa tope limelainika. Kizazi kizima kinaishia kwenye kalibu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Pima kwa kamba, usikadirie kwa hatua. Anayetaka kukamata vyura kwa utafiti hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwanza. Barua ya mwenyekiti wa kijiji si kibali, tumeshalieleza hili mara nyingi.

Kimataifa spishi hii haimo katika orodha ya walio hatarini. Hilo halimaanishi dimbwi lako likiharibiwa vyura watatoka kwingine.

Ukimfukua, simamisha kazi sehemu hiyo. Rudisha udongo uleule wenye unyevu juu ya mayai, ukiwa umelegea. Usiushindilie, usimwage maji, usiyahamishie dimbwi jingine. Mama ukimwachia pembeni, atazama mwenyewe. Dawa ya kupulizia mazao usiioshee pampu hapo: ngozi ya chura hupitisha sumu moja kwa moja.