Udongo Unaopumua Sana Huenda Unakula Akiba Yake

Kaskazi ikielekea kwisha, wakulima wa huku Malindi huanza kunitumia picha za majibu ya maabara. Swali ni lile lile: "Mwalimu, wameandika vijiumbe vya udongo vinafanya kazi sana. Si ndiyo vizuri?" Jibu langu halimfurahishi mtu. Huuliza kwanza udongo ulichotwa lini, kabla ya mvua au baada, na hapo mahali pamelimwa nini.

Tunachopima mara nyingi ni pumzi ya vijiumbe hivyo, yaani bakteria na kuvu wa udongoni. Udongo unatiwa kwenye chupa iliyozibwa barabara, pamoja na kikombe cha soda kaustiki. Bakteria na kuvu wakila mboji hutoa hewa ya ukaa, soda inainasa, nasi tunapima kilichonaswa. Kipimo ni rahisi na cha kuaminika, ila mwenye homa naye hupumua haraka. Ndiyo maana mimi hutaka kujua pia uzito wa vijiumbe vyenyewe. Pumzi nyingi kutoka kwa vijiumbe wachache huashiria udongo ulio taabuni: chakula kingi kinaishia kwenye kuhangaika kuishi, kidogo kinajenga mwili.

Sasa mvua. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, alichapisha matokeo ya kukausha udongo na kuulowesha tena. Kila ulipoloweshwa ulilipuka kwa pumzi, na naitrojeni, chakula cha mimea, ikafunguka kutoka kwenye mboji. Kadiri ukavu ulivyokuwa mrefu, ndivyo mlipuko ulivyozidi. Wataalamu wa udongo duniani bado huliita tukio hilo kwa jina lake, na mimi hujisikia fahari kidogo kwamba limetoka Kenya.

Kinachotokea ni hivi. Wakati wa jua kali vijiumbe wengi hufa. Wanaobaki hujaza ndani ya seli vitu vya kushikilia maji, kama aina fulani za sukari na asidi za amino. Mvua ikishuka ghafla, maji huvamia seli, na asiyetema akiba hiyo upesi hupasuka. Papo hapo mabonge ya udongo nayo yanavunjika na kufichua mboji iliyokuwa imejificha ndani. Maiti, akiba iliyotemwa, mboji mpya: ni karamu. Kwa saa chache hadi siku chache pumzi hupanda mara kadhaa, kisha hushuka. Sampuli iliyochotwa siku hizo itaonyesha "shughuli kubwa" hata katika shamba lililochoka.

Naitrojeni inayofunguka hugeuka nitrati, umbo lake linaloyeyuka majini, na nitrati haishikamani na mchanga. Udongo wetu mwingi ni kichanga, basi masika yakikolea inazama chini pasipofikiwa na mizizi. Mahindi yaliyokwisha kuota hupata sehemu yake. Ya jirani aliyengoja wiki mbili hukuta karamu imekwisha. Kwa hiyo wazee wanaopanda kabla ya mvua wana hoja. Ila mvua ya Malindi ni mwongo: hunyesha siku mbili, ikakata, mbegu ikaoza. Mimi ningepanda sehemu tu ya shamba mapema, nibakize mbegu.

Ukubwa wa karamu hutegemea matumizi ya ardhi. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kwenye mchanga mweupe usio na rutuba, mti wa mrihi husimama kwa msaada wa kuvu wanaovisha mizizi yake na kuitafutia chakula. Uyoga unaochomoza chini yake baada ya mvua mara nyingi ni matunda ya kuvu hao. Kata miti, lima, na nyuzi za kuvu hao zinakatika. Hakuna tena mti wa kuwalisha. Mwanzoni shamba jipya hustawi, kwa sababu mboji ya msitu inaliwa mbio. Mchanga hauna mfinyanzi wa kutosha wa kuilinda, na jua la mchana likipiga udongo mtupu, joto la uso wake linaweza kupita nyuzi 50. Kila masika mlipuko unakuja, kila mara mboji ikipungua, hadi misimu kadhaa baadaye mihogo inabaki myembamba na mkulima anasema ardhi imezeeka.

Palipochomwa makaa ni kisa kingine. Joto la tanuri huua kuvu mapema kuliko bakteria, na majivu hupunguza uchachu wa udongo. Bakteria hurudi upesi, kwa hiyo pumzi inaweza kuonekana nzuri huku kuvu wakiwa bado hawajarudi.

Chini ya mikorosho mikubwa huwa napata hali ya kati: kivuli, majani yaliyolala, jembe halipiti mara kwa mara. Mvinje nao wana bakteria wa mizizini wanaovuta naitrojeni hewani, ingawa majani yao huoza polepole. Kandokando ya mashamba ya chumvi, upande wa Ngomeni na Gongoni, chumvi yenyewe ndiyo inayobana vijiumbe; huko mlipuko wa mvua si jambo la kutegemea.

Ukinitumia majibu, andika tarehe ya kuchota, siku ngapi tangu mvua, na kama majani yalichomwa. Kama unaweza, chota mara mbili: mwisho wa kaskazi, kisha katikati ya masika udongo ukiwa umetulia. Sampuli ya pili ndiyo nitakayoisoma kwanza.