Nafaka Inayouzwa Wakati wa Mavuno na Kununuliwa Wakati wa Palizi

Mwezi Juni 2025 Benki ya Dunia ilipandisha kipimo chake cha umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3.00 kwa mtu kwa siku. Kipimo hicho kina manufaa yake, lakini mimi, nikiwa mchumi wa kilimo, huanza na kalenda kabla ya kuuliza mapato, kwa sababu kaya ya kijijini inayotegemea msimu mmoja wa mvua haiwi maskini kwa kiwango kilekile mwaka mzima.

Tuchukulie kaya iliyovuna magunia 12 ya nafaka. Mara baada ya mavuno wanaoidai mbegu na mbolea wako mlangoni, karo inangoja, na kwa kuwa kila jirani naye anauza, bei iko chini kabisa. Kaya hiyo inauza magunia 6. Yaliyobaki yanaisha kabla ya mavuno mapya, na bei ikiwa imepanda maradufu, fedha zilezile, hata zingetunzwa zote, zingenunua magunia 3 tu. Magunia 3 yametoweka bila fukusi kuyagusa. (Fukusi nao hawakosi, na nafaka ikihifadhiwa kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13 hivi huota ukungu, hofu hiyo nayo huharakisha kuuza.)

Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, huja baadaye, kwani ghala huwa tupu katika miezi ileile ya palizi. Baba na mama huenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya wenye uwezo ili wapate chakula cha jioni, na wanaporudi kwenye shamba lao hukuta magugu yamekwisha kunyonya maji na rutuba katika wiki za mwanzo, ambazo mmea hauwezi kuzifidia. Mpita njia husema wenye shamba ni wavivu. Kumbe palizi yao wamekwisha kuiuza.

Ardhi inayogawanywa kila kizazi, barabara mbovu na ugonjwa unaolazimisha kuuza ng'ombe wa kulimia huzidisha hali hii. Mikopo midogo inayodai marejesho ya kila wiki haiiponyi, maana shamba halilipi kila wiki. Mfumo wa stakabadhi ghalani, unaomwezesha mkulima kuweka nafaka dhamana na kuiuza baadaye, umekaribia kiini cha tatizo, ila aliyeuza mazao yakiwa bado shambani hana gunia la kupeleka ghalani.